Posa kwa Miguu

Mimi ni mtu wa Lushoto, kwa hiyo habari za milima mtu asinifundishe. Nimezaliwa mlimani, nimechunga mbuzi mlimani, shule yetu ilikuwa juu ya mlima na kanisa lilikuwa juu kuliko shule. Lakini miaka kumi na tisa sasa niko Durban nashona mapazia, katika chumba cha nyuma ya nyumba ya watu huku Berea, na mguu uliozoea kukanyaga cherehani husahau kupanda. Hilo sikulijua mpaka Jumamosi ile nilipokwenda kumposea mdogo wangu.

Mdogo wangu huyu ni mtoto wa mama mdogo. Ni fundi wa friji, mtu wa miaka thelathini na mitatu, mpole, mwenye ugonjwa wa kupiga pasi kila kitu mpaka soksi. Alimpenda binti wa Kikongo anayesuka nywele saluni, binti naye akampenda, na kwa kuwa ugenini hatuna wazee, mzee nikawa mimi. Nikateuliwa kuwa mshenga. Nisidanganye, nilifurahi sana. Nilianza hata kukohoa kizee.

Wiki moja kabla ya posa alikuja chumbani kwangu, akasimama kunipa mgongo kana kwamba anatazama mvua, akaniambia ana mtoto huko Korogwe. Mtoto wa kike wa miaka saba, anakaa na mama mdogo. Mama wa huyo mtoto aliolewa na mtu mwingine zamani. Mimi na mama mdogo tulikuwa tunaongea Krismasi hadi Krismasi, na hakuwahi kunigusia jambo hilo, nadhani kwa aibu.

"Na huyu binti anajua?" nikamwuliza.

"Hajui. Kaka, hilo usiliguse. Akijua sasa atanikataa. Tukishaoana nitamwambia mwenyewe."

Ningesema hapana. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa akiitoboa kucha yake kwa kucha nyingine, nikamhurumia, nikakubali. Nilijiambia kwamba kazi ya mshenga ni kupamba, si kupekua. Nikakaa nikaandika barua ya posa kwa mwandiko wangu mzuri, na katikati nikaweka maneno haya: kijana huru, asiye na mzigo wowote nyuma yake. Nililipenda sana lile neno mzigo.

Baba wa binti nilimpigia simu. Nilitarajia aniambie njoo Jumapili mchana, uje na wenzako wawili, tutawapikia. Yeye akasema, "Bon. Kuya Jumamosi asubuhi. Njo siku natembeaka. Docteur alisema nitembee juu ya sukari. Tunapanda kilima, tunashuka kwa mto, nusu ya siku tu. Tutaenda pamoja."

Kiswahili chao nakimudu, njo ni ndiyo na juu ya ni kwa sababu ya, lakini mpango wenyewe sikuuelewa. Posa gani inapelekwa mtoni? Nilimwuliza mdogo wangu kama huo ndio ustaarabu wa wakwe zake, naye akasema hajui, labda mzee anataka hewa. Alisema hivyo akiwa ameinama anapiga viatu vyangu rangi. Nilimshukuru kwa viatu.

Basi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye taa za barabarani za Morningside, huku huziita robot, nimevaa suti ya kijivu na viatu vyeusi vya kanisani. Barua ilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya leso nyeupe, leso ndani ya mfuko wa ndani wa koti. Gari likaja. Mbele upande wa abiria alikaa mzee wa miaka sitini na kitu, kofia kichwani, raba nyeupe miguuni. Aliyekuwa anaendesha alikuwa mwanamume wa makamo mwenye ovaroli ya bluu. Huyo ndiye aliyeshuka kunifungulia mlango wa nyuma, na huyo ndiye aliyeusogeza mkoba mkubwa ili nipate pa kukaa.

Mzee nilimwamkia kwa mikono miwili. Dereva nilimpa kichwa, nikakiinamisha kidogo tu.

"Huyu tuko naye," mzee akasema.

Dereva alitazama viatu vyangu kwa kioo. "Papa, uko na viatu ingine?"

"Hivi vinatosha," nikasema. "Mimi kwetu ni milimani."

Wakatazamana wale wawili. Sikupenda.

Tulikwenda upande wa Westville, tukaingia mtaa wa nyumba kubwa zenye waya za umeme juu ya kuta, na mwisho wa mtaa, ghafla, nyumba zikaisha na msitu ukaanza. Durban ndivyo ilivyo. Unaweza kuwa unapita kwenye geti la mtu, hatua kumi mbele uko na tumbili. Dereva akatoa mkoba, akauvaa mgongoni, akakata fimbo tatu, akampa mzee moja, mimi moja. Mzee hakubeba kitu chochote. Nikaona sawa, kumbe nyumba yenye adabu, mkubwa hatumwi.

Njia ilianza kwa kupanda. Nilitaka niwe sambamba na mzee, kwa sababu maneno ya posa husemwa bega kwa bega au uso kwa uso, hayasemwi kwenye kisogo cha mtu. Lakini mzee yule wa sukari alipanda kama ameitwa kula. Mimi nyuma suti inanibana makwapa, viatu vinateleza kwenye majani makavu, na jasho limefika mahali ambapo jasho halitakiwi kufika mbele ya wakwe. Dereva alibaki nyuma yangu. Kila nilipoteleza mkono wake ulikuwa tayari chini ya kiwiko changu.

Juu kulikuwa na jabali pana. Ukisimama hapo unaona bonde lote, na mto chini umejificha kwenye miti, na mbali kabisa magorofa na bahari. Pimbi walikuwa wamejilaza juani, hawakujisumbua kuondoka. Mzee alisimama ukingoni, amefurahi. Nikaona hapa ndipo. Nikasafisha koo, nikatoa kile kikohozi changu cha kizee.

"Mzee," nikaanza, "sisi ni wapita njia. Tumepita mbele ya bustani yako, tukaona ua. Tukasema hili ua lina mwenyewe, na sisi si wezi, tutapiga hodi."

Kwetu, ukisema hivyo, mwenye nyumba hutabasamu akajibu, karibuni, bustani ina maua mengi, semeni ni lipi. Hata mtu mwenye ghadhabu hujibu. Huyu alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa. Kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea mtini.

"Unaona ile ndege? Akiruka, angalia mabawa. Ndani iko nyekundu."

Ndege akaruka. Mabawa yalikuwa mekundu kweli. Mzee akamtazama dereva, dereva akatazama chini, tukaanza kushuka.

Nilichanganyikiwa. Nilipekua maneno yangu yote, je, nimekosea ua? Kwao ua ni tusi? Au mzee ameshakataa na ndege ndiyo lugha yake ya kukataa? Mtu anaweza kukukataa kwa namna nyingi, lakini ndege sikuwahi kusikia. Na kama amekataa, mbona bado tunaendelea kutembea? Nilishuka mlima mzima nikijiuliza hayo, nikikalia makalio yangu kila baada ya hatua chache.

Kule chini mafuriko ya miaka ya karibuni yalikuwa yamepita na njia. Palikuwa na alama za rangi ya manjano juu ya mawe, lakini jiwe moja lilikuelekeza kwenye kichaka na jingine lilikuwa limepinduka, alama yake inaelekea mbinguni. Mzee akasema njia iko kushoto. Dereva hakubishana, akaenda kulia. Mzee akamfuata. Nikashangaa kidogo, tangu lini mbeba mkoba akageuza njia ya mwenye mkoba, lakini nilikuwa na shida zangu, soli ya kiatu cha kulia ilikuwa imeanza kufungua mdomo.

Tukaufikia mto. Haukuwa mkubwa. Ni mto wa mawe, maji ya rangi ya chai ya rangi, yanapita kati ya majabali yanayoteleza. Mzee akavua raba, akavuka peku akirukaruka, akafika ng'ambo. Mimi nikavuka kwa mikono na magoti, mdomo wazi, dereva amenishika mkanda. Tulipofika ng'ambo mzee alikuwa ameshaingia kwenye kona, anaangalia ndege wake.

Hapo ndipo nilipoanza kuongea na dereva. Mtu aliyekushika mkanda huwezi kumnyamazia. Yeye alikuwa mtu wa sauti ya chini, na maswali yake yalikuja moja moja, yenye nafasi kati yake, kama mtu anayepitisha muda.

"Huyo kijana yenu, anapikaka?"

"Anapika. Wali wake unashinda wangu."

"Pombe?"

"Krismasi. Moja. Ya pili humaliza mimi."

"Na akikasirika, anafanyaka nini?"

Nikacheka. "Anapiga pasi. Siku moja aligombana na mwenye nyumba, akapiga pasi mashuka yote na mapazia ya wateja wangu."

Dereva naye akacheka, kidogo tu, akauliza kama kijana ana madeni au ugomvi na watu, kama anatuma salamu kwao, kama anaweza kukaa na wakwe wengi wenye kelele. Nikamjibu yote bila kupamba. Kwa nini nipambe? Mapambo nilikuwa nimeyaweka kwa ajili ya mzee. Kwa dereva nilisema kijana ni mwoga, kwamba akiona jambo gumu hulizunguka kama mtu anayekwepa mbwa. Nilisema anakoroma. Yote hayo niliyasema nikiwa nimestarehe, na nilianza kumpenda mtu yule. Nilijiambia, ningekuwa naposa kwa huyu, kazi ingekuwa imekwisha.

Nilijaribu tena kwa mzee, mara mbili. Mara moja tulipokuwa tunapita chini ya mwamba mkubwa wenye mizinga ya nyuki, nikasema, "Mzee, yule kijana wangu anakusalimu sana." Akasema asante, na wewe angalia nyuki. Mara ya pili nilikuwa nimechoka, nikasema waziwazi bila ua wala bustani, "Mzee, nimekuja kwa sababu ya binti yako." Akasimama. Akanitazama kwa macho ya mtu anayekuhurumia kwa ujinga wako, akasema, "Njo najua, ndugu yangu. Tembea tu." Akaenda.

Hasira zikanipanda. Nilihisi nachezewa. Nilikaa juu ya jiwe kando ya mto, nikavua kiatu chenye mdomo, nikasema sisogei. Mzee alikuwa mbele, anaosha uso. Dereva akaweka mkoba chini, akakaa jiwe la pili, akanipa chungwa.

"Mzee wako ni mgumu," nikamwambia.

"Sio mugumu. Anangoja."

"Anangoja nini? Mimi nimeshapiga hodi mara tatu. Kwetu hodi tatu ukikosa jibu unarudi."

Alikuwa akimenya chungwa lake polepole, ganda lisikatike. Nami sijui ni kitu gani kilinipata. Ni uchovu, ni hasira, ni lile chungwa. Labda pia ni kwa sababu siri ile ilikuwa imenikaa wiki nzima kama mfupa wa samaki, na hapa palikuwa na mtu mwema asiye na neno katika jambo hili, mtu ambaye jioni angerudi kwenye gari lake na mimi kwenye mapazia yangu. Nikasema, "Na mimi nina jambo linaloniumiza. Huyu kijana ana mtoto. Wa kike, yuko kwetu, ana miaka saba. Binti yenu hajui. Nimeambiwa nisiseme."

Dereva aliacha kumenya.

"Mama ya mutoto?"

"Aliolewa na mwingine. Hawana habari tena. Kwa mama wa mtoto sina wasiwasi. Nina wasiwasi kwa sababu ya kuficha. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Lakini nikisema, harusi imekufa, na mwuaji ni mimi."

Nikamwomba maneno yale ayaache pale pale mtoni. Alisema tu, "Nimesikia." Kisha akanifunga kiatu changu kwa kamba aliyoitoa mkobani, akaniinua.

Ilibidi tuuvuke mto mara ya pili ili kurudi. Nilikuwa nimepungukiwa na mzigo, natembea mwepesi, nikajiona mtu wa Lushoto tena. Nikakataa mkono wa dereva. Jiwe la tatu lilikuwa na utelezi wa kijani, na mimi nikaenda ubavu ubavu, nikaingia majini mpaka kifuani na suti yangu. Maji yalikuwa ya baridi, na kwa kweli niliogopa, maana sijui kuogelea na sikuwa na haja ya kuogelea, yalikuwa ya kifuani tu, lakini hilo nililijua baadaye. Mzee na dereva waliingia wote wawili na nguo zao kunitoa. Mzee alinipiga mgongoni akisema pole, pole papa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayenitakia mema kabisa. Nikazidi kuchanganyikiwa. Mtu huyu ananipenda au hanipendi?

Tulitokea kwenye uwanja mdogo wa majani karibu na gari, jua liko juu ya kichwa. Palikuwa na meza ya zege na mabenchi. Dereva akafungua mkoba. Akatoa kitambaa, chupa ya chai, mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga. Kisha akatoa koti jeusi lililokunjwa vizuri. Akavua ile ovaroli iliyolowa, ndani alikuwa na suruali ya heshima na shati, akavaa koti, akafunga vifungo, akakaa kwenye benchi la mbele. Mzee akavua kofia. Akaenda kukaa benchi la pembeni, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa.

"Ndugu yangu," mzee akaniambia, "unisamehe. Asubuhi yote ulinisemesha na mimi sikukujibu. Kwetu, maneno ya binti, baba hana mudomo. Baba anasikia tu. Mwenye kusema ni huyu mudogo yangu. Tumbo moja, mama moja."

Nilimtazama yule niliyekuwa nikimwita dereva. Alikuwa akinitazama bila kicheko.

"Na mkoba?" nikauliza. Ndilo neno pekee lililonitoka.

"Mukoba ya mukubwa, mudogo anabeba," akasema. "Hata angekuwa ministre."

Kwetu mwenye kupokea posa ni mkubwa wa nyumba, na mkubwa unamjua kwa kutazama nani anabeba na nani anabebewa. Nilikuwa nimempa heshima yote asiye na mdomo, na mwenye mdomo nikampa kichwa, halafu wali, halafu Krismasi, halafu kukoroma. Halafu mtoto. Masikio yalinichoma. Nilitamani nirudi mtoni, na safari hii nibaki.

"Uko na barua?" akauliza.

Nilikuwa nayo. Nikatoa leso, inachuruzika. Nikatoa bahasha. Alichukua kwa mikono miwili, akafungua taratibu, akaitandaza mezani. Wino ulikuwa umekuwa wingu moja la bluu. Huru na mzigo na jina la kijana, vyote vilikuwa vimekwenda na maji.

"Haisomeki," akasema. "Basi utasema kwa mudomo. Lakini mbele nikuulize kitu moja. Ile maneno ulisema kule kwa mawe, ulimwambia dereva, ao uliambia familia? Kama ni ya dereva, mimi nitaiacha kule. Unaweza kuanza upya."

Sijawahi kupewa nafasi kama ile maishani. Alikuwa ananifungulia mlango wa nyuma kwa mara ya pili siku ile. Mzee kwenye benchi lake hakuelewa, alimtazama ndugu yake, akanitazama mimi. Ningeweza kusema kijana huru. Angenyamaza, alikuwa mtu wa kunyamaza. Mdogo wangu angeoa. Nilimfikiria yuko nyumbani anapiga pasi, anangoja. Nikafikiri pia kwamba ndugu huyu atabaki anajua, na kila Krismasi atanitazama vile anavyonitazama sasa. Sikujua lipi ni jema. Mpaka leo nikiulizwa nitasema sikujua. Nilisema tu kwa sababu nilikuwa nimelowa na nimechoka na yeye alikuwa amenifunga kiatu.

"Nilikuambia wewe kwa sababu nilidhani huna neno," nikasema. "Unisamehe kwa hilo. Sasa naiambia familia. Mdogo wangu ana mtoto wa kike."

Mzee akafumba macho.

Ndugu yake akaitikia kwa kichwa, pole pole. "Kijana yenu tulitembea naye hapa," akasema. "Mwezi ile ilipita. Njia hii hii. Nilimuuliza pale pale kwa mawe kama iko na mutoto. Akasema hapana."

Basi. Mdogo wangu alikuwa ameshapitishwa. Alijua kilima, alijua mto, alijua mawe ya kijani, na kwa kuwa hakutaka nijue alichoulizwa, aliniacha nije na viatu vya kanisani, akavipiga na rangi. Nilishikwa na hasira mbili kwa wakati mmoja, ya uongo na ya viatu, na ya viatu ndiyo iliyokuwa kali zaidi.

"Mutoto anaitwa nani?" ndugu akauliza.

Wiki nzima nilikuwa nimesema yule mtoto, hilo suala, lile jambo.

"Sijui," nikasema.

Mzee, ambaye kwao hana mdomo, alishindwa kujizuia. "Hujui?"

"Sijui, mzee."

Wakaongea wao kwa wao, lugha ya kwao, maneno machache. Kisha ndugu akasema, "Binti ataambiwa leo. Sio azabu. Ni haki yake. Kijana akuye mwenyewe Jumamosi ingine, bila wewe. Tutatembea tena. Atuambie yeye, kwa mudomo yake, jina ya mutoto. Akisema, tutaendelea. Akikosa, tumemaliza, na wewe tutabaki kukupenda."

Halafu tukala samaki. Nilikula sana, ni aibu kusema, lakini nilikula.

Walinishusha mlangoni. Mdogo wangu alikuwa amesimama ndani, shati jeupe limenyooka, na pasi ya moto imesimama juu ya meza yangu ya kushonea. Aliona suti, akaona kamba kwenye kiatu, akajua tulikopita.

"Wamesemaje?"

Nikamwambia yote. Sikuficha kwamba ni mimi niliyesema, wala sikuficha kwamba nilimwambia dereva. Akakaa kitandani kwangu. Kwanza alikasirika. "Nilikuomba neno moja tu, kaka. Moja." Nikamjibu kwamba na mimi ningeomba raba. Halafu hasira ikamwisha, akauliza kama binti ameshaambiwa, nikasema labda sasa hivi, akaitazama simu yake bila kuishika.

"Jumamosi watakuuliza jina," nikamwambia. "Na mimi waliniuliza. Anaitwa nani?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Hukumpigia mama yangu akakuambia? Nilidhani ndiyo sababu hukuniuliza. Nilidhani umeudhika."

"Niudhike nini?"

Akalitaja. Lilikuwa jina la mama yangu, la nyumbani na la ubatizo, yote mawili kama yalivyo. Mama yangu ndiye aliyemlea mdogo wangu tangu darasa la kwanza, na siku anazikwa mimi nilikuwa huku, sikupata nauli wala ruhusa. Mtoto alizaliwa mwaka uliofuata, na walimpa jina lake ili lisipotee. Nilisimama pale na soksi zangu zilizolowa, nisijue nimkasirikie yeye au nijikasirikie mwenyewe, nikamwomba alitaje tena.